Hoteli Ikitekwa Kompyuta, Hasara Inahesabiwa Wapi?

"Kwani si wangerudi tu kwenye daftari?"

Karibu kila mtu huuliza hivyo akisikia kwamba wahalifu wamefunga kompyuta za hoteli fulani duniani na wanadai pesa. Mtu wa Kolwezi, mji wa madini nchini Kongo, ana haki zaidi ya kuuliza. Hapa umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, hukatika bila kuaga, intaneti hupotea mchana kweupe, na mapokezi ya hoteli nyingi bado yana daftari la jalada gumu kando ya kompyuta. Mgeni anafika, anaandika jina, anapewa ufunguo, anaenda kulala. Kitanda hakihitaji nywila. Basi hasara iko wapi?

Iko mahali ambapo mgeni hafiki: ofisi ya mhasibu, nyuma ya mapokezi, kwenye madai ambayo bado hayajalipwa. Wanaopima athari za shambulio kama hili huhesabu pesa zilizodaiwa na wahalifu, wakajumlisha vyumba vilivyokaa vitupu, wakafunga hesabu. Wanakuwa wameacha sehemu kubwa nje.

Ransomwea hufanya nini

Ransomwea ni programu hasidi, yaani programu iliyotungwa ili idhuru. Ikishaingia kwenye kompyuta, hupitia mafaili moja baada ya jingine na kuyageuza kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, ambao ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu alio nao mhalifu peke yake. Kazi hiyo ya kugeuza maandishi kuwa fumbo huitwa usimbaji. Faili bado lipo na jina lake lipo, lakini ukilifungua unakuta takataka. Kisha skrini inatoa ujumbe: lipa kiasi hiki kabla ya siku fulani. Malipo hutakiwa kwa bitikoini au mfano wake, pesa za kidijitali zinazotumwa bila kupitia benki.

Siku hizi wahalifu wameongeza fimbo ya pili. Kabla ya kufunga mafaili huyanakili. Ukikataa kulipa kwa sababu una nakala zako, wanakutisha kwamba watayaanika hadharani.

Wanaingiaje? Mara nyingi kupitia mtu, wala si kwa ufundi wa ajabu. Mwaka 2021 kampuni ya hoteli ya Nordic Choice ya Norway ilinaswa na barua pepe iliyojifanya imetoka kwa kampuni ya utalii waliyozoea kuandikiana nayo. Mwaka 2022 kampuni ya IHG, yenye jina la Holiday Inn, iliingiliwa na watu wawili waliojieleza kwa waandishi wa BBC kuwa mume na mke kutoka Vietnam. Walimhadaa mfanyakazi mmoja, kisha, kwa maelezo yao, wakafika kwenye hazina ya nywila za kampuni kwa kutumia nywila Qwerty1234. Mpango wao ulikuwa ransomwea. Mafundi wa IHG walipowazuia, wakafuta data kwa hasira tu. Wamiliki wa hoteli zinazotumia jina hilo, ambao wengi hawakuwa na kosa lolote, walikaa siku kadhaa bila kupokea nafasi mpya kupitia mtandao wa kampuni mama.

Wageni walilala

Januari 2017 magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba wahalifu wamewafungia wageni vyumbani katika Romantik Seehotel Jägerwirt, hoteli ya milimani Austria. Hadithi ilikuwa tamu lakini haikuwa kweli, maana mlango wa hoteli hufunguka kutoka ndani hata kompyuta zote zikifa. Kilichokwama ni mtambo wa kuandaa kadi mpya za milango, pamoja na kumbukumbu za nafasi na za malipo. Mgeni mpya hakuweza kupewa kadi ya mlango. Hoteli ililipa bitikoini 2, wakati huo kama yuro 1,500, na mwenye hoteli akatangaza kwamba anafikiria kurudia funguo za chuma.

Katika hoteli za Nordic Choice, zaidi ya 200, kadi nazo ziligoma. Wafanyakazi waliwasindikiza wageni hadi vyumbani wakiwafungulia mmoja mmoja. Kampuni ilikataa kulipa. Badala yake iliweka programu endeshi nyingine, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, kwenye mashine 2,000 ndani ya siku chache.

Katika visa vyote viwili wageni walipata mahali pa kulala. Kwa hiyo muuliza swali letu ana sehemu ya ukweli.

Umeme ukirudi, kompyuta hukumbuka

Meneja wa Kolwezi atakwambia: sisi tumezoea. Ni kweli, na nisingependa mtu aidharau akiba hiyo. Mhudumu wa mapokezi aliyewahi kupokea basi zima la mafundi kwa mwanga wa simu, kalamu mkononi, ana ujuzi ambao Las Vegas ilibidi iutafute kwa haraka Septemba 2023. Kampuni ya MGM Resorts iliposhambuliwa mwezi huo, washindi wa michezo ya kamari walisubiri kuandikiwa risiti kwa mkono na kulipwa taslimu, huku mashine nyingi zikiwa zimezima.

Lakini giza la SNEL na giza la ransomwea hayafanani. Umeme ukikatika, kompyuta inasimama na kumbukumbu yake inabaki salama. Jenereta ikiwaka, orodha ya jana iko palepale, na karani anaingiza yale aliyoandika kwenye karatasi. Ransomwea hufanya kinyume: kompyuta inawaka vizuri, kumbukumbu ndiyo haipo. Daftari unalolifungua saa hiyo litakuendesha kuanzia saa hiyo. Haliwezi kukuambia kampuni gani iliomba vyumba 12 vya mafundi wa wiki ijayo, nani amelipa mpaka Ijumaa, wala Papa wa chumba 207 amekula chakula cha jioni mara ngapi tangu afike.

Kwa kifupi:
- Bila kompyuta, hoteli inaweza kuendelea kulaza wageni.
- Bila kumbukumbu, haiwezi kuthibitisha nani alilala na nani anadaiwa.
- Hasara ya kwanza huonekana usiku uleule. Ya pili hujitokeza mwisho wa mwezi.

Mji ambao hoteli zake huishi kwa madai

Kwenye hoteli za pwani, Diani au Nungwi, wageni wengi hulipa kabla ya kuja au siku ya kuondoka. Kolwezi ina desturi yake. Tangu mji huu uwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, ukiwa umezungukwa na migodi ya KCC, COMMUS na Sicomines, na Kamoa-Kakula upande wa magharibi, na Tenke Fungurume kwenye barabara ya Likasi, sehemu kubwa ya wanaolala hotelini hawakuja kupumzika, na wala hawatoi pesa mfukoni mwao. Ni mafundi wa mitambo, wauza vipuri, wakaguzi wa hesabu, wapima madini. Kampuni zao ndizo zinazolipa, tena baadaye.

Utaratibu unajulikana. Kampuni inatuma boni, yaani karatasi ya kuagiza huduma yenye namba yake. Mgeni akiondoka anatia sahihi kwenye hati ya siku alizolala na alichokula. Chakula kimo, bia ya Simba aliyokunywa na rafiki zake haimo, hiyo analipa mwenyewe. Mwisho wa mwezi mhasibu wa hoteli anakusanya hati hizo, anaandaa fakture, yaani ankara ya madai, na kuipeleka. Upande wa pili kuna mhasibu mwingine ambaye mshahara wake unatokana na kutafuta kasoro. Jina moja halilingani na boni? Fakture nzima inarudi.

Sasa fikiria ransomwea inaingia tarehe 24.

Hoteli ya kufikirika, hesabu ya kweli

Tubuni hoteli moja mtaa wa Manika au Dilala. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Mwenye hoteli aziondoe aweke zake. Ina vyumba 60, na kwa kawaida 45 vina wageni. Chumba ni dola 120. Kati ya hivyo 45, vyumba 30 ni vya kampuni zinazolipa baadaye. Madai ya siku 45 hayajalipwa: vyumba 30 mara dola 120 mara siku 45, jumla dola 162,000. Pesa hizo hazipo benki wala sandukuni. Zipo kwenye kompyuta, na kompyuta imefungwa. Wahalifu wanadai dola 20,000.

Mwenye hoteli hataki kulipa. Anatumia siku kumi kujikwamua. Miezi mitatu baadaye anakaa na mhasibu wake kuandika hasara:

- Vyumba 12 kwa usiku vilikosa wageni kwa siku kumi, maana maombi ya nafasi hayakuonekana. Ukitoa dola 20 za chakula na kufua mashuka ambazo hazikutumika kwa kila chumba, hasara ni dola 12,000.
- Fundi kutoka Lubumbashi, seva na kompyuta mpya: dola 9,000. (Seva ni kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu za zile nyingine zote.)
- Saa za ziada za wafanyakazi: dola 1,500.
- Riba ya mkopo wa kulipa mishahara na mafuta ya jenereta wakati madai yamekwama: dola 2,400.
- Madai ambayo hayakuthibitishika, moja ya tano ya zile 162,000: dola 32,400.

Jumla dola 57,300. Angalia mstari wa mwisho: peke yake umezidi nusu. Angalia pia kwamba hauna risiti. Fundi ana risiti, muuza kompyuta ana risiti, benki ina karatasi yake. Fakture iliyokataliwa haiandikwi popote kama gharama ya shambulio. Inaonekana tu kama mteja mkorofi, na baada ya mwaka hakuna anayeihusisha tena na tarehe 24.

Sehemu isiyo na risiti hutawala hata kwa matajiri. Oktoba 2023 MGM iliwaarifu wasimamizi wa soko la hisa la Marekani kwamba shambulio lilipunguza mapato yake ya uendeshaji kwa takriban dola milioni 100. Gharama za moja kwa moja, kama wataalamu wa kompyuta na mawakili, hazikufika milioni 10. Nyingi ya zile nyingine ni vitanda visivyouzwa na wachezaji wasiokuja.

Basi si bora kulipa?

Mwenye hoteli yetu ataona 57,300 upande mmoja na 20,000 upande mwingine, na moyo utamwambia alipe. Hapo hesabu humdanganya. Akilipa, fundi bado atahitajika, maana mlango walioingilia wahalifu uko wazi. Wageni wa siku zile za kwanza wameshapotea. Na ufunguo anaouziwa unaweza kuwa mzito wa kutumia kuliko anavyodhani. Mwaka 2021 Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta Marekani, ililipa dola milioni 4.4, ikapewa programu ya kufungulia mafaili iliyokwenda polepole mno, hata kampuni ikaendelea kutegemea nakala zake yenyewe.

Wiki chache kabla MGM haijashambuliwa, jirani yake Caesars nayo iliingiliwa. Iliripotiwa kwamba wahalifu walidai dola milioni 30 na Caesars ikalipa takriban nusu. Kazi zake hazikusimama kama za MGM. Lakini yenyewe ilikiri kwa wasimamizi kwamba ilichukua hatua ili data zilizoibwa zifutwe, na kwamba haiwezi kuwahakikishia watu matokeo hayo. Umenunua ahadi ya mwizi. Hakuna mahakama ya kumshtaki akiivunja.

Mimi nasema asilipe. Ila anayesema hivyo akumbuke kuna wenye hoteli ambao fakture za siku 45 ndizo tofauti ya kufungua na kufunga biashara, na hao usiku wa manane hawasomi vitabu.

Majina ya waliolala

Kuna kitu kingine ndani ya kompyuta, na kwenye mji wa madini kina bei ya pekee: orodha ya wageni. Nakala za pasi za kusafiria, namba za simu, jina la kampuni, nani alikodi ukumbi mdogo, alikaa siku ngapi. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Mtu anayefanya biashara ya madini hayo angetoa kiasi gani ajue ni wanunuzi gani walilala Kolwezi wiki ile, na walikutana na nani?

Mwenye hoteli husema: hizo si siri zangu. Sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima kuhusu data za watu binafsi, yaani habari zozote zinazomtambulisha mtu, na wajibu wa anayezishika. Ukiziomba, ukazinakili na kuzihifadhi, ni mzigo wako.

Mzigo huo huja kwa kuchelewa. Kampuni ya Marriott ilinunua Starwood mwaka 2016 bila kujua kwamba kuna watu walikuwa wamejificha ndani ya mfumo wa Starwood tangu 2014. Waligunduliwa 2018. Faini ya Uingereza ya pauni milioni 18.4 ilikuja Oktoba 2020. Haikuwa ransomwea, ulikuwa wizi wa kimyakimya, lakini inaonyesha kwa nini tathmini iliyofungwa baada ya mwezi mmoja haijakamilika. MGM nayo ilikubali mwaka 2025 kutoa dola milioni 45 kumaliza kesi za wateja, zilizohusu shambulio la 2023 pamoja na wizi wa data wa 2019.

Nje ya geti

Hoteli ya vyumba 60 hununua kuku, mboga, mkaa, maji, sabuni. Mama anayeleta sombe na nyanya hana boni wala fakture. Jina lake liko kwenye faili la jikoni, analipwa kila Jumamosi. Kompyuta ikifungwa, mhasibu anasema: Mama, ngoja kidogo, tunatengeneza mashine. Mama anangoja, lakini aliyemkopesha mtaji wa wiki hangoji. Hasara yake haitaingia katika ripoti yoyote, kwa kuwa ripoti huandikwa na kampuni, na kwa macho ya kampuni kuchelewa kumlipa ni nafuu.

Mkoa huu unajua maumivu yanayotoka mbali. Julai 2021 ransomwea iliingia Transnet, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini inayoendesha bandari na reli. Bandari ya Durban, mojawapo ya njia kuu za shaba na kobalti ya Lualaba kwenda baharini, ilikwama kushughulikia makontena. Transnet ilitangaza hali ya dharura isiyozuilika, yaani iliwaambia wateja kisheria kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake, mpaka mwanzoni mwa Agosti. Faili lilifungwa Afrika Kusini, na anayengojea meli yuko Kongo.

Kupima kabla ya kuumia

Tathmini nzuri huanza siku ambayo hakuna tatizo. Meneja anahitaji majibu ya maswali machache, na ayapate kwa kujaribu, asiyakubali kwa maneno ya fundi:

- Tukizima seva leo asubuhi, tunaweza kuandaa fakture za mwezi huu kutokana na karatasi peke yake? Hati zenye sahihi ziko wapi, au tulizitupa baada ya kuzipiga picha?
- Nakala rudufu, yaani nakala ya pili ya mafaili, iko kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva ileile? Kama ndivyo, ransomwea itaifunga pamoja na seva.
- Mara ya mwisho tulirudisha mafaili kutoka kwenye nakala hiyo lini, na ilichukua saa ngapi?
- Pasi za wageni wa miaka mitatu iliyopita bado tunazitunza kwa sababu gani?

Swali la tatu ndilo wengi hushindwa. Nakala ipo, taa yake ya kijani inawaka, na siku ya kuihitaji inagundulika kwamba iliacha kunakili tangu mvua za mwaka juzi. Dawa ni kuchagua Jumanne moja tulivu, kuchukua kompyuta tupu, na kumwambia mhasibu arudishe madai ya kampuni moja tu kutoka kwenye diski, saa ikihesabiwa.

Imebaki simu. Iliripotiwa kwamba waliovamia MGM walianza kwa kupiga simu dawati la msaada wa kompyuta wakijifanya mfanyakazi. Kolwezi hila hiyo ingefanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa hapa si rahisi karani kumkatalia mtu anayejitambulisha kama bosi. Inabidi mwenye hoteli mwenyewe awaambie wafanyakazi, mbele ya wote, kwamba anayeombwa nywila kwa simu ajibu: "Samahani Patron, nakata, nitakupigia mimi kwenye namba yako." Na siku atakapokatiwa simu kweli, akiwa na haraka, yuko njiani Likasi na mtandao unasumbua, asimfokee aliyemkatia.